Aliyeandika na Mgongo Unaouma

Sisi tunaoanika kakao hapa Katumba Songwe yafaa tumjue Roald Dahl, aliyechapisha mwaka 1964 hadithi ya kiwanda cha ajabu cha chokoleti.

Alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa watu wa Norwe. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta, akajifunza Kiswahili. Vita vilipoanza alikwenda Nairobi akawa rubani. Mwezi Septemba 1940 ndege yake ilianguka jangwani, Afrika ya Kaskazini. Fuvu lilipasuka, akawa haoni kwa majuma kadhaa, na mgongo ukamsumbua maisha yake yote, ingawa alipasuliwa mara nyingi.

Kuketi mezani kulimtesa. Basi alijengewa kibanda bustanini, akatoboa mgongo wa kiti ili kisimbane, akaweka ubao mapajani na kuandika kwa penseli habari za majitu na watoto werevu. Alifariki mwaka 1990.

Hatusemi alikuwa mtakatifu. Maneno yake juu ya Wayahudi yaliumiza wengi. Lakini tuwatembeleapo wagonjwa wetu wa siku nyingi, baada ya pole tuwaulize wanatamani kazi gani, kisha tuwachongee ubao wao.