Edward Steere

Edward Steere (4 Mei 1828 – 27 Agosti 1882) alikuwa askofu wa Kanisa Anglikana huko Zanzibar, mtaalamu wa lugha ya Kiswahili na mmoja wa waanzilishi wa uchapaji wa vitabu katika Afrika ya Mashariki. Misheni ya Magila, karibu na mji wa Muheza katika mkoa wa Tanga, ilikuwa chini ya uongozi wake.

Maisha

Steere alizaliwa London, Uingereza. Alisomea sheria hadi kupata shahada ya udaktari mwaka 1850, lakini aliacha kazi hiyo akawa padri katika Lincolnshire. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, askofu William Tozer, aliyetumwa na misheni ya UMCA kwenda eneo la mto Shire. Mwaka uliofuata misheni ilihamia Unguja, ambako ilipokea watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa.

Aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Juu ya uwanja wa soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Kristo, lenye paa la kuba la matumbawe na saruji. Mwaka 1875 padri John Farler alianza kuongoza kituo cha Magila katika nchi ya Wabondei. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru hadi Masasi.

Uchapaji

Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya kuchapia, na wavulana waliokombolewa walifundishwa kazi hiyo. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha aloi ya risasi, antimoni na stani. Mpangaji alizipanga moja moja kinyumenyume, akazibana katika fremu ya chuma, kisha zikapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilifanya kalibu ya ukurasa mzima na kumimina bamba moja la madini, ambalo liliweza kutumika tena kwa maelfu ya nakala. Bamba lilifaa kwa kitabu kilichokamilika. Kwa nakala chache na maandishi yanayosahihishwa mara kwa mara, herufi zilizo huru zilifaa zaidi, kwa sababu ziliweza kubadilishwa na kupangwa upya.

Ndivyo Steere alivyofanya kazi: alichapa makusanyo madogo Unguja kabla ya kutoa vitabu vikubwa London. Kati ya hayo ni makusanyo ya lugha ya Kishambala ya mwaka 1867, kuhusu lugha ya milima iliyo jirani na Magila. Mwaka 1870 vilitoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja.

Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Johann Ludwig Krapf alikuwa ametangulia kukiandika kwa herufi za Kilatini, akifuata lahaja ya Mombasa. Steere alichagua Kiunguja, na mwandiko wake haukuhitaji alama juu ya herufi: "ch", "sh" na "ng'" zilipatikana kwa herufi za kawaida za wachapaji wa Kiingereza.

Kifo na urithi

Steere alifariki Zanzibar akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu. Agano Jipya alilotafsiri lilitolewa kamili mwaka 1883. Katika miaka ya 1890 Magila, inayoitwa pia Msalabani, ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, "Habari za Mwezi". Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930. Kwa upande mwingine, maandishi ya Kiarabu yalipungua shuleni, na wasomi wengi wa pwani waliokuwa wakiyatumia wakahesabiwa kuwa hawajui kusoma.