Safari ya Papa Simon Kimbangu

Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kule vilima vya Bas-Congo, mwaka 1887. Tarehe 6 Aprili 1921 akaanza kuponya wagonjwa kwa maombi. Watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakapita vilima na misitu kwa miguu, wagonjwa wakibebwa. Wabeleji wakaogopa. Tarehe 3 Oktoba wakamhukumu kifo. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu Katanga, gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Akafia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba.

Basi sisi wa Shituru, tukichoka njiani kwenda maombi, tusinung'unike. Yeye aliyefuatwa na maelfu hakupewa nafasi ya kurudi kwao akiwa hai.