Frederick Douglass na Neno Lililomsumbua

Unaposoma kifungu cha ufahamu cha Kiingereza ukakwama kwenye neno gumu, hukimbilia wapi? Wengi wenu mtajibu: kwenye kamusi. Basi soma habari za Frederick Douglass, ambaye kamusi ilimwacha palepale alipokuwa.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1818. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa mjini Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Mke wa bwana huyo, Sophia, alimfundisha alfabeti na maneno ya herufi tatu au nne. Mume alipogundua alipiga marufuku masomo hayo, akisema mtumwa akijua kusoma hatatawalika tena. Mtoto alikuwa anasikiliza, na tangu hapo akajua cha kutafuta. Alipotumwa dukani alibeba mkate, akawapa watoto maskini wa Kizungu mitaani, nao wakamlipa kwa masomo. Alipofika miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba kiitwacho The Columbian Orator, akakisoma tena na tena.

Sasa zingatia habari ya neno abolition. Alilisikia kila mara vinywani mwa wenye watumwa. Mtumwa akitoroka au ghala likichomwa moto, walisema hayo ni matunda ya abolition. Alifungua kamusi, ikamwambia ni kitendo cha kukomesha. Kukomesha nini? Hakuthubutu kumuuliza mtu, maana alihisi kuwa neno lenyewe lina hatari. Akangoja. Siku moja alipata gazeti lenye habari za watu wa kaskazini walioomba utumwa ukomeshwe katika wilaya ya mji mkuu, Washington, na biashara ya watumwa kati ya majimbo ikomeshwe pia. Neno lilifunguka. Ona kwamba maana aliipata katika sentensi, pamoja na maneno jirani yake.

Kuandika alikuanzia kwenye karakana ya meli, kwa kunakili herufi ambazo mafundi waliweka kwenye mbao. Kisha aliwachokoza wavulana wa mtaani kwamba anaandika vizuri kuliko wao. Kila aliyekubali shindano alimfunza herufi mpya bila kujua. Daftari lake lilikuwa ukuta na ua, kalamu yake chaki.

Alitoroka Septemba 1838. Mwaka 1841 alianza kuhutubia mikutano ya kupinga utumwa. Hapo likazuka tatizo ambalo mtahiniwa yeyote angelitamani: Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno hata baadhi ya wasikilizaji wakakataa kuamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Aliwajibu kwa kitabu mwaka 1845, akataja majina ya mabwana zake na mahali alipoishi. Kwa kufanya hivyo alijianika kwa watu waliokuwa na haki ya kisheria ya kumkamata, akalazimika kuvuka bahari kwenda Uingereza. Huko marafiki walichanga fedha wakanunua uhuru wake, na mwaka 1847 alirudi Marekani, akaanzisha gazeti lake mwenyewe.