Tumbo la Mama na Mwendo wa Msafara: Maisha ya Sidi Mubarak Bombay

Mama, huenda umeona kwenye simu tangazo linalokuahidi tumbo bapa lenye misuli iliyochongeka, ile wanayoiita sikspaki, kabla ya Idi au kabla ya sikukuu za Desemba. Kuna picha ya kabla na picha ya baada, na kati yake wiki tatu tu. Kama umejifungua miezi michache iliyopita na tumbo bado ni laini chini ya kanga, tangazo kama hilo linaweza kukufanya ujione mzembe. Wewe si mzembe. Muda uliotajwa kwenye tangazo ndio usiotosha.

Katika ukurasa huu tunakueleza mwili unahitaji muda gani na nini unaweza kutarajia. Tutafuata maisha ya mtu mmoja maarufu wa pwani yetu, Sidi Mubarak Bombay. Mara nne alitoka Bagamoyo na kijiji jirani cha Kaole akaenda bara kwa miguu. Safari zake zinatufundisha jinsi mwili wa binadamu unavyojengeka na jinsi unavyochoka.

Alikotoka

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, eneo ambalo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa na umri wa miaka kama 12 alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akapelekwa Kilwa kisha Zanzibar, na hatimaye akapelekwa India na tajiri aliyemnunua. Huko alikaa miaka mingi, na ndiko alikopata jina la Bombay. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru. Akarudi Zanzibar na kuajiriwa kuwa askari wa Sultani.

Mwaka 1857 alikuwa katika ngome ndogo upande wa Pangani, ndipo walipopita Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Speke alijua Kihindustani, na Bombay naye alikijua, hivyo wakaelewana. Bombay akaingia kazini. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37 hivi, na safari zote zilizompa jina zilikuwa bado mbele yake. Basi mama, usiamini anayekuambia kwamba baada ya miaka 30, au baada ya mtoto wa tatu, mwili haujengeki tena. Unajengeka, ila kwa muda wake.

Siku ya kwanza ilikuwa fupi

Misafara iliyotoka pwani ilikuwa na desturi ya busara. Siku ya kwanza haikwenda mbali. Watu walitembea kilomita chache tu, wakapiga kambi karibu na mji, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na mizigo ipangwe upya. Mwaka 1871, Bombay alipokuwa mkuu wa askari katika msafara wa Henry Morton Stanley, kambi ya kwanza ilikuwa shambani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Bagamoyo. Waliokwenda bara mara nyingi walijua kwamba mwili hauanzi na mwendo mrefu.

Kwako wewe, kambi hiyo ya kwanza ni arobaini. Wazee wa pwani hawakukosea kumpa mzazi siku 40 za kupumzika. Mfuko wa uzazi huchukua wiki 6 hivi kurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Katika kipindi hicho tumbo kuonekana kama la mimba ya miezi kadhaa ni jambo la kawaida, na halimaanishi kwamba umenenepa.

Kuna jambo jingine linalotokea ndani. Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo husogea mbali wakati wa ujauzito ili kumpa mtoto nafasi. Baada ya kujifungua hurudi kukaribiana polepole, hasa katika wiki 8 za mwanzo. Kwa baadhi ya akina mama nafasi hubaki. Unaweza kujipima hivi: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha gusa katikati ya tumbo juu na chini ya kitovu. Ukihisi bonde linaloingia zaidi ya vidole viwili, au ukiona tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, usifanye mazoezi ya kujikunja kuinuka kutoka sakafuni. Yanaweza kuongeza tatizo. Mwone mhudumu wa afya kwanza.

Katika siku hizi unaweza kufanya mambo madogo, kama hujisikii maumivu. Vuta pumzi taratibu mpaka tumbo lijae, kisha itoe huku ukivuta kitovu ndani. Bana misuli ya chini ya nyonga, ile unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu hadi tano, kisha iachie. Tembea hadi uani, halafu hadi kwa jirani. Kama ulijifungua kwa upasuaji, usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako, na uulize kliniki kabla ya kuanza mazoezi ya tumbo.

Desturi ya kufunga tumbo kwa kanga au mkanda inaweza kukupa nafuu ya mgongo. Haiyeyushi mafuta. Ikikubana hadi upumue kwa shida au uhisi kitu kinasukumwa chini ukeni, ilegeze.

Miezi saba na nusu, mara mbili

Burton, Speke na Bombay waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857. Walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, katikati ya Februari 1858. Hiyo ni miezi saba na nusu. Njiani homa iliwaangusha Wazungu wote wawili, Burton akashindwa kutembea na Speke akawa karibu haoni. Mwaka huohuo wa 1858 Bombay alikwenda na Speke kaskazini hadi Mwanza, Burton akabaki Tabora.

Miaka 14 baada ya safari ya kwanza, Bombay alipita tena kuelekea Ujiji akiwa na Stanley. Stanley alikuwa mtu wa haraka na mkali, alitaka kumpata David Livingstone kabla habari hazijapoa. Aliondoka Bagamoyo Machi 21, 1871. Mvua, magonjwa, na vita vya Mirambo karibu na Tabora vilimchelewesha, na kwa hesabu yake alifika Ujiji Novemba 10. Ni miezi saba na nusu tena, licha ya ukali wote aliowafanyia wapagazi.

Mwili wako nao una njia yake, na kuukaripia hakuifupishi. Baada ya wiki za mwanzo, na maziwa yakiwa yameshakaa vizuri, kupungua nusu kilo hivi kwa wiki ni mwendo salama kwa mama wengi. Kama zimebaki wiki 8 kabla ya Idi, tarajia kilo 2 hadi 4, labda na pungufu. Utahisi nguo zimelegea na utapanda ngazi bila kuhema. Sikspaki hutaiona, na hilo si kushindwa. Mtoto alikaa tumboni miezi tisa. Kuupa mwili miezi tisa hadi mwaka mzima wa kurudi ni hesabu ya haki.

Fahamu pia kwamba huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi. Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli iliyo chini, lakini hayachomi mafuta yaliyo juu yake. Mwili hupunguza mafuta pote, kwa mpangilio unaotokana na kurithi. Wengine hupungua usoni na mikononi kwanza, tumbo likabaki la mwisho.

Kukonda si afya

Mwezi wa pili baada ya kutoka Bagamoyo, msafara wa Stanley ulivuka mabwawa ya Makata, mkoa wa Morogoro wa leo, wakati wa masika. Stanley aliugua kuhara na kupungua kilo nyingi kwa muda mfupi. Wapagazi nao waliugua. Katika safari iliyotangulia, ile ya 1860 hadi 1863 ambapo Bombay alikwenda na Speke na James Grant kutoka Bagamoyo hadi Misri, njaa iliwakuta Ugogo na wapagazi wengi wakatoroka. Mbavu zilionekana na matumbo yalikuwa bapa. Hakuna aliyewaonea wivu.

Posho ya mpagazi mara nyingi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Posho ilipokosekana, msafara ulisimama. Mama anayenyonyesha ni mtu aliyebeba mzigo wa namna hiyo, kwa kuwa kutengeneza maziwa kunahitaji nguvu ya chakula zaidi, takriban kalori 500 kwa siku. Ukiruka milo ili tumbo liingie, utachoka, utakosa subira, na maziwa yanaweza kupungua.

Ili misuli ya tumbo ionekane wazi, wanawake wengi hulazimika kupunguza mafuta ya mwili hadi chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wao. Wengine wakifika hapo hedhi husimama na mifupa hudhoofika. Wale unaowaona kwenye picha mara nyingi hujiandaa kwa siku chache za kupigwa picha, kwa mwanga maalumu, na hawakai hivyo mwaka mzima.

Kula ugali au wali wa kiasi, na maharage, samaki, dagaa au mayai, mchicha na matembele, na tunda. Kunywa maji ya kutosha. Punguza soda, juisi za sukari, na mandazi na vitumbua vya kila asubuhi. Usinywe chai au vidonge vya kupunguza tumbo. Vingi vinakuharisha tu, na vingine vinaweza kupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto.

Hakuna aliyebeba peke yake

Mwaka 1873 Bombay aliondoka Bagamoyo kwa mara ya nne, safari hii na Verney Lovett Cameron. Huko Tabora walikutana na msafara wa Chuma na Susi waliokuwa wakiuleta pwani mwili wa Livingstone. Ndani yake walikuwamo wanawake, akiwemo Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Mwili huo ulifika Bagamoyo Februari 1874. Bombay na Cameron waliendelea magharibi, wakafika pwani ya Atlantiki, Angola ya leo, Novemba 1875. Bombay alikuwa na umri wa miaka 55 hivi.

Katika misafara hiyo kila mzigo ulikuwa na mtu wake, na wakati mwingine aliyeugua alipunguziwa au kubebwa ili wengine waweze kuendelea. Nyumbani mara nyingi mama hubeba yote: mtoto mgongoni, ndoo kichwani, jiko, na lawama ya tumbo juu yake. Zungumza na mwenzako, mama mkwe, dada au jirani. Omba nusu saa tu kwa siku mtu akushikie mtoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, lengo ni dakika 150 za kutembea kwa kasi au kazi ya namna hiyo kwa wiki. Anza na dakika 10. Ufukweni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu ni njia nzuri na haina malipo.

Uzee wake

Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kilimtambua Bombay kwa medali ya fedha na pensheni. Jumla ya njia aliyotembea hukadiriwa kuwa kilomita 9,600 hivi. Alifariki Zanzibar Oktoba 1885. Anakumbukwa kwa sababu alikwenda na akarudi, mara nne, katika njia zilizoua wengi.

Tunakuomba upime mwili wako kwa kipimo hicho. Kila mwisho wa mwezi jiulize: natembea mbali zaidi? Mgongo unauma kidogo kuliko mwezi uliopita? Nacheka bila mkojo kunitoka? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, tumbo lako linapona, hata kama kioo hakijaonyesha.

Nenda kituo cha afya mapema ukiona:
- homa, damu nyingi ukeni au uchafu wenye harufu mbaya;
- kidonda cha upasuaji kimevimba, kimekuwa chekundu au kinatoa usaha;
- uvimbe kwenye kitovu au kwenye kovu, hasa ukiuma;
- mguu mmoja umevimba na unauma, au unapumua kwa shida;
- mkojo unakutoka bila kujizuia na haupungui baada ya miezi mitatu;
- huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kwa mawazo hayo usisubiri, nenda siku hiyohiyo.

Mlezi unayesoma kwa niaba ya mama, kazi yako ni rahisi kuitaja: usimwulize tumbo litarudi lini. Mwulize amekula nini leo, kisha mpokee mtoto.