RALPH SAMUELSON NA MBAO ZAKE MBILI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Magazeti ya shule husimulia mara nyingi habari za wafalme, majemadari na wataalamu wakubwa. Leo napenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu ambaye hakuwa na cheo wala mali nyingi. Hata hivyo, kila mtu anayeteleza juu ya maji huku akivutwa na mashua anafuata njia aliyoifungua yeye.

Nitaanza na jambo dogo lililotokea hapa kwetu. Muhula uliopita lori lililotuletea kuni lilikwama matopeni karibu na bweni letu. Tulisukuma watu kumi na wawili, lisisogee hata kidogo. Wakaongezeka wenzetu wanne, nalo likaanza kwenda. Lilipokwisha kuanza, watu sita walitosha kulifikisha barabarani. Mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa akitutazama, akatuambia kwamba siku ile tumejifunza somo zima bila kufungua kitabu. Nilikumbuka maneno yake niliposoma habari za Ralph Samuelson.

Ralph Samuelson alizaliwa tarehe 3 Julai, 1903, katika nchi ya Marekani. Alikulia katika mji mdogo uitwao Lake City, katika jimbo la Minnesota. Mji huo uko kando ya ziwa Pepin, mahali ambapo mto mkubwa wa Mississippi hupanuka ukawa ziwa. Nchi ile ina baridi kali. Wakati wa kipusa maji huganda yakawa barafu, na watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu wanazozifunga miguuni. Wakati wa joto barafu huyeyuka, na watu huogelea, huvua samaki na kutembea kwa mashua.

Ralph alipenda sana maji, na tangu utoto wake alikuwa mwogeleaji hodari. Alipokuwa kijana wa miaka 18, yaani umri wa wengi wetu tulio katika kidato hiki, lilimjia wazo moja. Ikiwa mtu aweza kuteleza juu ya theluji, ambayo ni maji yaliyoganda, basi huenda aweza pia kuteleza juu ya maji yenyewe, mradi apate kitu cha kumvuta kwa nguvu.

Mwishoni mwa mwezi wa Juni, 1922, alianza majaribio yake, akisaidiwa na ndugu yake Ben aliyeendesha mashua. Kwanza alifunga miguuni vipande vya mbao za mapipa. Akazama. Kisha akajaribu mbao zile zile za kutelezea theluji. Akazama tena. Watu wa mji walisimama ufukoni kumtazama, na baadhi yao wakamcheka, wakidhani kijana huyu amepotewa na akili.

Hapa yafaa tuitazame mashua ile, maana shida yake kubwa ilikuwa humo. Mashua ya Ben haikutengenezwa kwa michezo. Ilitiwa injini iliyotolewa katika gari la aina ya Saxon, nayo ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 24. Nguvu ya farasi mmoja ni ile iwezayo kuinua ratili 550 kwa urefu wa futi moja katika sekunde moja. Baadhi yetu tumeona injini kama hiyo kwa ukubwa wa nguvu zake, ikifungwa katika tezi ya mashua za wavuvi wa Ziwa Viktoria. Yatosha kabisa kupeleka wavuvi na nyavu zao. Lakini kumtoa mtu mzima majini na kumsimamisha juu ni kazi nyingine.

Sababu yake ndiyo ile ya lori letu. Mtu anapongoja majini mwili wake umezama, na mbao zake zimezama. Mashua inapoanza kuvuta, maji yote yaliyo mbele yake humzuia. Kipindi hicho kifupi ndicho kinachotaka nguvu nyingi kuliko vyote. Mbao zikifika juu, maji huzisukuma kutoka chini, kizuizi hupungua, na injini hupumua. Kwa hiyo injini iwezayo kumvuta mtu aliyekwisha kusimama yaweza kushindwa kabisa kumsimamisha.

Ralph hakuwa na uwezo wa kuiongezea injini nguvu. Basi aliibadili ile sehemu ya kazi iliyokuwa mikononi mwake. Alitwaa mbao mbili za msonobari, kila moja yenye urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9. Akazichemsha ncha zake katika chombo kikubwa cha shaba cha mama yake mpaka zikalainika, akazipinda zielekee juu. Akapigilia mikanda ya ngozi ya kushika miguu. Kamba yake ilikuwa ile ya kuvutia madirisha, yenye urefu wa futi 100, na mwisho wake alifunga pete ya chuma iliyofanywa na mhunzi. Mbao hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na eneo la futi za mraba 12, karibu mara mbili ya mbao za kawaida wanazotumia watu wazima siku hizi. Mbao pana hukaa juu ya maji hata mwendo ukiwa mdogo, na mwendo mdogo ndio uliokuwa mali ya mashua ile.

Hata hivyo alizidi kuanguka. Mara nyingi alianza huku ncha za mbao zikiwa sawa na maji au chini yake, nazo zilipovutwa zilichimba kwenda chini. Tarehe 2 Julai, 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alijaribu namna nyingine. Aliegemea nyuma, akazitokeza ncha za mbao juu ya maji, ndipo akamwashiria ndugu yake aondoke. Safari hii maji yalipita chini ya mbao yakaziinua. Ralph akasimama, akateleza juu ya ziwa Pepin, na waliokuwa wakimcheka wakanyamaza. Mpaka leo kila mwanafunzi wa mchezo huo hufundishwa kuanza vivyo hivyo.

Naona fundisho hili lawafaa hata watu wanaochagua mashua ya michezo leo. Wengi huuliza tu mashua itakimbia maili ngapi kwa saa. Lakini mtu mzima atelezaye kwa mbao mbili huhitaji mwendo wa maili 25 au 30 tu kwa saa, na mtoto huhitaji pungufu. Mashua nyingi zaweza kufika mwendo huo zikiwa na mtu mmoja ndani. Swali lililo bora ni hili: je, ikiwa na dereva, mtazamaji, rafiki wawili na mafuta tele, itaweza kumtoa mtu majini upesi kabla mikono yake haijachoka? Kwa mashua ya urefu wa futi 17 au 18, kwa kawaida injini ya nguvu za farasi kama 90 mpaka 115 huitimiza kazi hiyo. Na pangaboi lake lichaguliwe lile la kuvuta mzigo, si lile la kukimbilia.

Tena sisi tunaokaa bara tuna jambo la kuongeza. Injini ya kawaida hupungukiwa na nguvu kwa kadiri ya asilimia 3 kila inapopanda futi 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi. Ziwa Viktoria liko juu ya bahari kwa futi zaidi ya 3,700. Injini ya farasi 100 iliyopimwa pwani ya Mombasa au Dar es Salaam itatoa kama 90 tu ikifika Mwanza au Kisumu. Anayenunua injini ya kutosha kwa shida tu atajuta huko.

Lakini kutosha si kuzidisha. Mashua ndogo nyingi zina kibao kinachoonyesha idadi ya watu na nguvu za juu kabisa inazoruhusiwa kubeba. Anayekipuuza huilemea tezi kwa uzito, na huipa mashua mwendo usioweza kushikwa na usukani wala umbo lake. Huyo hakununua nguvu, amenunua hatari.

Tumrudie Ralph. Alipokwisha kusimama juu ya maji hakutosheka. Mwaka 1925 alipaka mafuta ya nguruwe juu ya jukwaa lililoinama ziwani, akalipanda kwa mbao zake na kuruka hewani, akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo huo alivutwa na ndege iendayo majini, kwa mwendo wa karibu maili 80 kwa saa. Yule aliyeanza kwa injini ya farasi 24 sasa alikuwa na nguvu kupita kiasi mbele yake, lakini ujuzi alikuwa ameupata kwa ile injini dhaifu. Akaonyesha mchezo wake mbele ya watu wengi, nyumbani na katika jimbo la Florida.

Jambo moja hakulifanya: hakuuandikisha uvumbuzi wake serikalini. Mwaka 1925 mtu mwingine, Fred Waller wa New York, alipata hati ya mbao za kutelezea majini. Ralph aliumia mgongo katika kazi ya ujenzi, akaacha michezo, akawa mfugaji wa bata mzinga. Mchezo ukaenea duniani, na jina lake likasahauliwa.

Miaka arobaini ikapita. Mwaka 1963 mwandishi wa gazeti alifika Lake City, akaziona mbao kuukuu zimetundikwa ukutani katika nyumba ya waogeleaji, akaulizia zilikuwa za nani. Hapo habari zikafufuka. Mwaka 1966 chama cha mchezo huo katika Marekani kilimtambua Ralph Samuelson kuwa ndiye mtu wa kwanza. Aliishi mpaka akaona mchezo wake ukionyeshwa wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1972 katika Ujerumani. Alifariki mwaka 1977.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hulalamika kwamba hatuna vyombo vya kutosha: vitabu vichache, maabara ndogo, taa inayozimwa saa nne. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli, na wenye uwezo wa kutuongezea wanapaswa kutuongezea, maana bila nguvu ya kutosha hata mtu hodari hubaki majini. Lakini wakati tunapongoja injini kubwa, tupanue mbao zetu, tuinue ncha zake, na tujue namna ya kuegemea kamba ikivutwa.