Mwana wa Misheni na Mifupa ya Kale

Vijana wetu wanapofundishwa shuleni habari za mageuko ya viumbe, hurudi nyumbani na maswali juu ya Kitabu cha Mwanzo. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia kwa kifupi maisha ya marehemu Dakta Louis Leakey.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa C.M.S., na baba yake, Canon Harry Leakey, alishiriki kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis alikua pamoja na vijana wa Kikikuyu, akaisema lugha yao kama wao. Alinuia kuwa mmisionari, lakini alipokuwa Cambridge alivutwa na elimu ya watu wa kale.

Siku zile wataalamu wengi walidhani kwamba chanzo cha mwanadamu ni Asia. Leakey alishikilia kuwa ni Afrika. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, kundi lake lilipata kipande cha taya, naye akatangaza kuwa ni cha kale mno. Mwanzoni mwa 1935 Profesa Boswell alitoka Uingereza kuja kupaona mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha: vigingi vyake vya chuma vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitoa ilikuwa ya mahali pengine. Ikawa aibu kubwa.

Hata hivyo hakuiacha kazi. Yeye na mkewe Mary walichimba miaka mingi huko Olduvai, Tanganyika. Julai 1959, Louis akiwa kambini na homa, Mary aliliona fuvu la kale. Safari hii wataalamu walipima majivu ya volkano ya mahali pale, wakapata umri wa miaka kama 1,750,000. Kwanza Louis alidhani ni fuvu la babu yetu hasa. Mifupa mingine ilipopatikana aliliacha wazo hilo, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakaiita mifupa hiyo Homo habilis.

Alifariki London mwaka 1972, akazikwa Limuru. Yeye hakuona kwamba Biblia na mifupa vinapigana.

Nasi tujifunze kwamba neno lisilo na ushahidi halisimami, hata likisemwa na mtu mashuhuri. Na si aibu kulibadili. Basi tusiwakemee vijana wanapouliza. Aliyeumba mbingu na nchi haogopi maswali yao.