Mwalimu kiziwi wa Kaluga

Safari hii sisi wa klasi ya 6 tunawaletea maisha ya mwalimu mmoja wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky. Jina ni gumu kwa kutamka, lakini msikie habari zake.

Alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye. Alipokuwa na miaka karibu 10 homa kali ikamshika. Alipona, lakini masikio yakaziba. Nyuma ya ile, mama yake akafa. Shuleni hakusikia tena maneno ya mwalimu, basi akaacha masomo. Alipofika miaka 16, baba yake akamtuma Moscow na feza kidogo. Kule hakuwa na shule hata moja: kila siku aliingia katika nyumba ya vitabu, akajifundisha hesabu na fizikia yeye mwenyewe. Alikula mkate mweusi na maji tu, feza nyingine zikaenda kwa vitabu na majaribio. (Na sisi hapa tunalalamika juu ya maharagi!)

Mwaka 1879 alishinda mtihani wa ualimu. Akafundisha Borovsk, kisha toka 1892 katika mji wa Kaluga. Kwa kusikia watu alijitengenezea pembe kubwa ya bati, akaiweka sikioni.

Kazi ya shule ikiisha, aliandika juu ya roketi. Mwaka 1903 alitoa chapa hesabu yake. Tufikiri mtu ndani ya mtumbwi anayetupa mawe nyuma: mtumbwi unakwenda mbele. Akiyatupa polepole, mawe yataisha na yeye hajafika mbali. Akiyatupa kwa mbio sana, machache yatatosha. Roketi ni vilevile, na mawe yake ni gesi ya moto. Lakini moto una mpaka: hutupa gesi kilometa 3 au 4 hivi kwa sekunde.

Hapo ndipo tunamstaajabia huyu mzee. Mwaka 1911 aliandika kwamba labda siku moja umeme utatupa chembe ndogo kabisa kwa mbio kupita moto wote. Mmarekani Goddard alikuwa na wazo kama lile katika daftari yake mwaka 1906, lakini yeye hakulitoa chapa wakati ule. Mashine ya kulifanya haikuwako popote.

Tsiolkovsky alikufa Kaluga mwaka 1935, hajaona roketi hata moja kufika nje ya hewa ya dunia. Tarehe 20 Julai 1964 Wamarekani wakarusha chombo SERT-1, na mashine yake ya umeme ikafanya kazi dakika 31 kule juu. Mwaka 1998 wakatuma kingine, Deep Space 1. Ndani yake umeme uliondoa elektroni katika gesi ya zenoni. Kile kilichobaki, yaani ioni, ukakitupa nje kilometa 30 hivi kwa sekunde.

Msifikiri ni nguvu kubwa, hapana! Hapa chini haiwezi kunyanyua hata kikombe cha chai. Lakini kule hakuna hewa ya kuzuia, na mashine ile ilisukuma zaidi ya saa 16 000 kwa jumla, mbio zikiongezeka kidogo kidogo. Msukumo wake ulikuwa sawa na uzito wa karatasi mbili kama hii mnayoshika mkononi.